Bimdogo Alivyosimama Relini

Watu wa Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa, waliiogopa mikono ya Bimdogo. Ukimkuta sokoni kashika bilingani, utalichagua jingine. Akija kwako ukamtilia kahawa, kikombe chake utakisuuza mara mbili akishaondoka, kisha ujifanye kuwa ndivyo usuuzavyo vikombe vyote. Mwenyewe aliyajua hayo na hayakumkosesha usingizi. Alikuwa mwosha. Mwanamke akifa Kuze, kabla kilio hakijatulia, mtu hutumwa kwa Bimdogo, naye hujitanda buibui lake, akachukua mfuko wake wa pamba, kafuri na majani ya mkunazi, akaenda. Aliosha mke wa tajiri na aliosha mjakazi, na maji yalikuwa kadiri ile ile. Wengi wa wale waliomsuuzia vikombe aliwaosha wao baadaye, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Hakuwa mzaliwa wa Mombasa. Alikuja kutoka Siyu mwaka wa 1906, mjane, na binti yake mmoja tu, Saadia, aliyekuwa ameposwa na Aidarus, mshona majoho wa Kuze. Mwosha wa mtaa alikuwa bikizee aliyekwisha kupofuka, na watu walipopata habari kuwa mama wa bibi harusi anaijua kazi hiyo, walimkabidhi kwa furaha ya mtu anayetua mzigo. Kazi alifundishwa na shangazi yake huko Siyu, na pamoja na kazi alifundishwa sharti lake.

"Ulichokiona kwenye ubao wa kuoshea kikae ubaoni," shangazi alimwambia. "Kibaya usikiseme. Na kizuri pia usikiseme. Maana ukimsifu huyu kisha ukanyamaza kwa yule, yule umeshamsema."

Bimdogo alilishika sharti hilo kwa meno. Wapo waliomwendea kichinichini, na bakuli la tambi, kumuuliza kama ni kweli fulani alikuwa na alama ya kuchomwa mgongoni. Alizila tambi, akarudisha bakuli, na jibu hawakulipata.

Sasa, Siyu hakukuwa na hospitali. Mtu akiugua alikuwa na shehe, na mganga, na Mungu, na si lazima kwa utaratibu huo. Mombasa mambo yalikuwa mengine, na watu walikuwa na la kuchagua. Ukifuata njia ya toroli, zile gari ndogo za kibao zinazosukumwa juu ya reli kutoka Ndia Kuu hadi Kilindini, katikati ya safari ulikuta jumba lililopakwa chokaa hadi linaumiza macho. Wenyeji waliliita Ghorofa Nyeupe. Lilikuwa na madirisha ya vioo na mapazia ya kijani, na daktari wa Kizungu mwenye mnyororo wa saa tumboni, na mtumishi mlangoni aliyejua kusema, kwa sauti ya chini, "Hapa kwetu hafi mtu."

Ukiendelea mbele, karibu ya kuteremka Liwatoni, ulikuta banda refu la bati, kutu juu na kutu ubavuni, lililojengwa kwa ajili ya makuli wa bandarini na wafanya kazi wa reli. Hilo ni Mabati. Kikohozi cha mle ndani kilisikika njiani. Watu wa Mji wa Kale walikuwa na msemo wao: Mabati waingia kwa miguu yako, watoka kwa mabega ya watu.

Saadia alijigonga muundi kwenye ukingo wa kisima. Kidonda kilikuwa hakizidi kunazi. Baada ya wiki mbili kilikuwa kama kikombe cha kahawa, na baada ya miezi miwili kilikuwa donda ambalo ukilitazama unatazama kando. Walimnywesha kombe, aya takatifu zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya marashi. Mganga akaja kutoka bara, akafukiza, akafunga majani. Homa ikaanza kumjia kila alasiri kama mtu aliyealikwa.

Ndipo Aidarus, kijana mpole ambaye sindano ndiyo ilikuwa silaha yake pekee, alipokaa mbele ya mama mkwe wake na kuuliza alilouliza. Mama yake, Bi Zubeida, alikuwa amekaa pale pale na tambuu yake.

"Mama, wewe ndiwe uonao mwisho wa watu," Aidarus alisema. "Hospitali hizi sisi twazisikia tu. Tumpeleke wapi?"

Hapa ndipo Bimdogo alipokosea, na alikosea kwa kiburi. Kwa miaka mitano watu wa mji huu mgeni walikuwa wakimsuuzia vikombe, na leo wanakuja kumuuliza. Akafikiri upesi upesi. Wanawake wa mtaa waliofia Mabati na kuletwa kwake walikuwa tisa. Kutoka Ghorofa Nyeupe aliletewa mmoja tu, naye alikuwa ajuza wa miaka tisini. Akajiambia kuwa akisema jina la hospitali tu hatakuwa amesema siri ya maiti yeyote.

"Mpelekeni Ghorofa Nyeupe," alisema. "N'najua nisemalo."

"Haya," Zubeida akasema huku akikunja jani la tambuu. "Mwosha kasema."

Saadia akapelekwa, akalazwa kwenye shuka nyeupe nyuma ya pazia la kijani. Kila siku Bimdogo alikwenda kumtazama, na kila siku aliikuta bendeji mpya, nyeupe pee, imebanwa kwa pini ya shaba mbele ya muundi, mahali ambapo mgeni ataiona. Daktari alitikisa kichwa kwa kuridhika. Homa haikuondoka, lakini daktari alisema homa ni dalili ya mwili kupigana, na nani wa kubishana na mnyororo wa saa?

Siku ya kumi na mbili Bimdogo aliitwa kwenye nyumba ya tatu kutoka msikitini. Aliyekufa alikuwa Mona, mke wa muuza halua, mama wa watoto wanne. Amekufa nyumbani, kitandani kwake. Dada yake alikuwa akilia na huku haamini.

"Alikuwa keshapona," dada alisema. "Walimtoa Ghorofa Nyeupe Jumatatu iliyopita. Daktari mwenyewe alisema, mchukueni nyumbani akapumzike."

Bimdogo akafunga mlango, akabaki na maiti na maji. Mona alikuwa na bendeji pajani, nyeupe, nzuri, imebanwa kwa pini ya shaba. Akaitoa pini. Akakunjua kunjo la kwanza, na la pili, na la tatu, na kadiri alivyokunjua ndivyo weupe ulivyokwisha. Bendeji ya juu ilikuwa ya juzijuzi. Ya chini ilikuwa ya zamani sana, imegandamana na nyama, na chini yake ni yale ambayo Bimdogo hakuyasema wakati ule na hatukuyapata kwake.

Alisimama na ile pini mkononi. Akakumbuka kwamba hii haikuwa pini yake ya kwanza. Aliwahi kuitoa kwa mke wa fundi seremala. Aliwahi kuitoa kwa msichana wa Kibokoni aliyekufa wiki ya harusi yake. Na kwa mwingine, na mwingine tena. Wote hao alikuwa amewahesabu katika waliofia nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko alikowakuta. Ghorofa Nyeupe hawakuwa na maiti kwa sababu waliwatoa wangali hai.

Na Mabati je? Akawapitia wale tisa, mmoja mmoja, kama anawaosha tena. Walikufa kwa homa, kwa tumbo, kwa mapafu, kwa sababu waliletwa wakiwa wamechelewa na hakuna aliyewafukuza. Lakini waliokuwa na vidonda, vidonda vyao vilikuwa safi kama chungu kilichosuguliwa, vimeanza kuota ngozi pembeni. Bendeji zao zilikuwa kuukuu, za vitambaa vilivyochanwa, zimechemshwa hadi kupauka, na fundo lilifungwa ubavuni, mbali na kidonda, ncha zimefichwa ndani zisimkwaruze mgonjwa. Kucha zao zilikuwa zimekatwa. Na nywele zao, jambo ambalo Bimdogo alikuwa akiliona kila mara bila kulifikiri, nywele zao zilikuwa zimechanwa na kusukwa. Mtu mle ndani ya lile banda la kutu alikuwa akiwasuka wanawake wanaokufa, naye hakutazamia shukrani ya yeyote.

Alitaka kumkimbilia Saadia, lakini hakukimbia. Maiti ana haki yake. Alimwosha Mona hadi mwisho, akamsuka mikia mitatu, akamtia pamba na kafuri, akamvika sanda. Kisha akaoga, akajitanda buibui, na hapo ndipo alipokwenda kwa haraka ambayo mwanamke wa umri wake hapaswi kuonwa nayo njiani.

Ndia Kuu alikutana na Aidarus, amejaa furaha, anatafuta toroli.

"Mama, pokea bishara ya mwanao," alisema. "Daktari amesema tumchukue Saadia. Akapumzike nyumbani."

Bimdogo akapanda toroli pamoja naye.

Zubeida alikuwa amekwisha kufika, amesimama kwenye ngazi za Ghorofa Nyeupe na kanga mpya ya kumfunika mkwewe. Saadia alitolewa na watumishi wawili, akalazwa kwenye kibao cha toroli, kichwa chini ya kile kimwavuli cha turubai. Alikuwa amekonda, na midomo imekauka.

"Alhamdulillahi, Bimdogo," Zubeida alisema. "Mtoto kapata afueni. Nimemwekea supu ya kuku nyumbani."

Bimdogo aliinama, akainua ncha ya kanga, akanusa. Harufu ile alikuwa ameinusa asubuhi, chini ya bendeji ya Mona.

"Nyumbani hendi," alisema.

Msukuma toroli, Mgiriama aitwaye Kalama, mtu wa kifua kipana na subira nyingi, alimtazama huyu akamtazama yule. "Basi tuelekee wapi?"

"Mabati."

Zubeida aliitema tambuu. "Mabati? Kwa makuli? Bimdogo, si ni wewe uliyetwambia Ghorofa? Ukatwambia wajua usemalo?"

"Nilikosea."

"Na leo hukosei?"

"Leo sikosei."

"Kwa nini? Twambie basi. Umeona nini huko Mabati cha kututolea mtoto kwenye shuka nyeupe?"

Bimdogo alifungua kinywa. Mona alikuwa bado hajazikwa. Angesema maneno kumi tu, na Zubeida angenyamaza, na mume wa Mona angeyasikia kabla ya magharibi, na watoto wanne wangekua wakijua mama yao alikuwaje chini ya bendeji. Mara moja alikuwa ameyatumia aliyoyaona ubaoni, kwa kujionyesha, na akasema uongo bila kujua, na mwanawe ndiye aliyelipia. Akakifunga kinywa.

"Siwezi kukwambia," alisema.

Zubeida akacheka kwa hasira. "Waona, Aidarus. Mamako mkwe yuataka mkeo akafe Mabati, na sababu hana. Kalama, sukuma. Twenda zetu."

Aidarus, ambaye maisha yake yote alikuwa hajamkataza mama yake jambo, alimpungia Kalama mkono kuelekea mjini. Na hapo Bimdogo akashika ncha za buibui lake, akaingia njiani, akasimama katikati ya reli mbili, upande wa mjini, akauelekea uso wa toroli.

"Mama, toka relini," Aidarus alisema.

"Sitoki."

"Watu watutazama."

"Wana mato, na watazame."

Na kweli walitazama. Kutoka Kilindini ilikuja toroli nyingine, imembeba Banyani mfanyabiashara na mwavuli wake mweusi. Ikasimama nyuma. Banyani akauliza kuna nini. Ikaja ya tatu, na karani mmoja mwenye haraka ambaye alianza kusema habari za askari. Njia ilikuwa moja tu, na aliyesimama juu yake alikuwa Bimdogo mwosha, na katika wanaume wote waliokuwapo pale hakuna aliyekuwa tayari kumshika mkono amwondoe. Miaka mitano alikuwa ameichukia hofu yao. Siku ile aliitumia yote.

"Waniaibisha, Mama," Aidarus alisema, na sauti yake ilikuwa ya kulia.

"N'nakuaibisha, naam. Aibu hupita." Kisha akamsemesha kwa upole, kwani kijana hakuwa na kosa. "Aidarus, baba. N'nalolijua sitakwambia, hata wanikate ulimi. Lakini hili nitakwambia. Ukimpeleka nyumbani, nitampokea. Nitamtandikia na supu nitamnywesha. Kisha zitapita siku, nazo hazitakuwa nyingi, utakuja kubisha mlango wangu, kwani Kuze nzima hakuna mwosha mwengine. Nitamwosha mwanangu kwa mikono hii, nawe ndiwe utakayenitekea maji. Nitazame usoni, kisha mwambie Kalama asukume."

Aidarus alimtazama.

Sauti ikatoka chini ya kimwavuli cha turubai. Watu walikuwa wamesahau kuwa mgonjwa ana masikio.

"Mimi nimechoka kupumzika," Saadia alisema. "Kama mama asema Mabati, nipelekeni Mabati. Mguu ni wangu."

Aidarus akafuta uso kwa kilemba. "Mabati," alimwambia Kalama, na hakumtazama mama yake aliposema.

Toroli haigeuzwi. Kalama na msukuma mwenzake walizunguka tu upande wa pili, wakaegemeza mabega kwenye kibao, na zile toroli nyingine ikabidi zirudi nyuma hadi mahali pa kupishana, karani akilaani njia nzima. Zubeida alibaki kwenye ngazi na kanga yake mpya.

"Akifa huko, Bimdogo," alisema, "mlango wangu usiujue tena."

"Nimesikia," Bimdogo akajibu, akapanda.

Mabati walipokewa na mwanamke mrefu aitwaye Truphosa, aliyelelewa kwa wamisheni Kisauni, amevaa gauni la kitambaa cha marekani na mikono ameikunja hadi viwikoni. Hakuuliza wao ni nani wala wametoka wapi. Aliitoa pini ya shaba, akaitupa ndooni, akaanza kukunjua. Alipofika chini akaagiza maji ya moto.

Bimdogo alikuwa akimtazama mgonjwa wa kitanda cha pili, mke wa kuli mmoja, aliyefungwa mguu. Fundo lilikuwa ubavuni, ncha zimefichwa.

"Fundo hili kafunga nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Na mengine?"

"Ya wanawake wote ni yangu. Kwani limelegea?"

"Halikulegea," Bimdogo alisema, akakaa sakafuni kando ya kitanda cha mwanawe.

Daktari wa mle alikuwa Mgoa mzee, mwembamba, mwenye kikohozi kuwashinda wagonjwa wake. Aliuchunguza mguu kwa muda mrefu. "Kipande cha mfupa kimeoza," alisema. "Nitakitoa. Labda mguu utabaki, labda nitaukata. Labda pia atakufa. Mimi siahidi kitu."

Aidarus aligeuka rangi, lakini Bimdogo ndiyo kwanza roho yake ikatulia kidogo. Tangu mwanawe augue, huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia kitu ambacho angeweza kukiamini.

Walimpa Saadia dawa ya kulala, wakaufungua mguu, wakatoa kipande cha mfupa urefu wa kidole cha mtoto, cheusi. Mguu haukukatwa siku ile. Wala haukuwa salama siku ile. Kwa siku tisa homa ilipanda na kushuka, na Bimdogo hakutoka pale ila kwenda kusali chini ya mwembe wa nyuma. Kukaa bure kulimshinda. Siku ya tatu alimfuata Truphosa kwenye sufuria la kuchemshia bendeji.

"Nipe hizo," alisema. "Kuosha najua."

Truphosa alimpa. Wakawa wanafua pamoja, huyu anachemsha, huyu anaanika, bila maneno mengi. Siku moja Truphosa, huku akikung'uta kitambaa, alisema bila kuinua macho, "Mama, mimi nimeambiwa wewe ndiye mwosha wa kule mjini. Wale wa kwenu wanaofia hapa huletwa kwako. Mimi huwa nawachana nywele, nawasuka. Sijui hata kama huwa zinafika zimesimama vizuri."

Bimdogo alikuwa na jibu kooni. Alilitaka sana litoke. Tisa, wote tisa, hakuna msuko uliokuwa umefumuka. Lakini sharti ni sharti, na zuri ni kama baya.

"Siwezi kukujibu, binti yangu," alisema. "Lakini nipe mkono wako."

Truphosa akamtazama, akaupangusa mkono kwenye gauni, akampa. Aliushika mkono wa mwosha kama unavyoshika mkono wa mtu yeyote, akakaa nao, na hakwenda kunawa baadaye. Bimdogo alitazama kama atakwenda kunawa. Hakwenda. Jioni ile alilia, peke yake, nyuma ya kamba za bendeji, na hakujua analilia lipi hasa.

Aidarus alikuja kila alasiri akifunga duka. Zubeida hakuja. Lakini tangu siku ya tano kikapu cha Aidarus kilianza kuwa na mahamri moto moto, yaliyotiwa iliki kwa kadiri ambayo hakuna mwanamume aliyewahi kuijua, na Bimdogo aliyala na kurudisha kitambaa kimekunjwa, na hakuuliza nani kapika.

Siku ya kumi homa haikuja. Siku ya arubaini na moja, Ijumaa, baina ya saa nne na saa tano asubuhi, Kuze iliona jambo ambalo haikulitazamia. Watu walikuwa wameshaulizana ni nani atakayemwosha mtoto wa mwosha. Saadia aliteremka toroli ya Kalama Ndia Kuu, akaingia vichochoroni kwa miguu yake, anachechemea na fimbo mkononi, na mama yake nyuma yake amejitanda buibui, uso juu, hatua fupi fupi, hana haraka hata kidogo. Alimpitisha mwanawe kila kichochoro, hata visivyokuwa njia yao.

Wanawake wakaja. Kwanza walikuja na hongera, kisha wakaja na swali. Kwa nini Mabati? Ulijuaje? Ghorofa Nyeupe ina nini?

"Sisemi," Bimdogo aliwajibu.

Ilimuuma kutosema. Kila akimwona mgonjwa anapandishwa toroli kwenda kwenye mapazia ya kijani, alitamani kusimama tena relini. Alizunguka na jambo hilo kwa siku kadha, hadi Saadia mwenyewe alipomwambia, "Mama, siri uliyopewa ni ya wafu. Mimi ni maiti?"

Tangu hapo desturi ikawa hivi. Mwanamke akija na mgonjwa wake na swali lake, Bimdogo husema, "Sisemi," kisha huita, "Saadia, njoo." Naye Saadia huja, hukaa kwenye mkeka, huinua nguo hadi chini ya goti, na kulitoa kovu lake, refu, jeusi, linang'aa, bila usaha, bila harufu. Kisha huitoa pini ya shaba, nyingine iliyosahaulika kwenye kanga yake siku ile, akaiweka mkekani kando ya mguu. "Pini ni ya Ghorofa," husema. "Kovu ni la Mabati." Basi. Aliyekuwa na akili alikwenda zake kutafuta toroli. Asiyekuwa nayo alisema ni bahati.

Zubeida alisema ni bahati. Alilisema mwaka mzima, na wa pili, huku amekaa nyumba moja na lile kovu na akilipita kila siku kwenda jikoni. Wakwe hao wawili walisalimiana vizuri, wakapelekeana sahani za futari, na habari ya siku ile ya relini hawakuitaja.

Mwaka wa 1913, mwezi wa Rajabu, mlango wa Bimdogo ulibishwa baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa Zubeida, peke yake, ameegemea ukuta, mguu mmoja umefungwa bendeji nyeupe pee juu ya kifundo. Kulikuwa na pini mbele.

"Nilikwenda Ghorofa," alisema. "Nyumbani niliaga nakwenda kwa jamaa. Nimelala huko siku nane. Leo wamenambia nende nyumbani nikapumzike."

Bimdogo alimtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumrudishia, yamekaa miaka miwili, yamewiva. Aliyaacha.

"Nilikuona uso wako siku ile," Zubeida akasema, "Saadia alipolitaja neno hilo la kupumzika. Nilikuona. Nikajifanya sikuona." Akaitazama ile pini iliyo mbele ya mguu. "Bimdogo, mimi sitaki kupumzika."

Bimdogo alichukua buibui lake msumarini. Akampa mkwewe bega, na Zubeida, ambaye kwa miaka saba alikuwa akisuuza kikombe mara mbili, aliushika ule mkono, akaukamata kwa nguvu, hadi Ndia Kuu. Kalama aliwapakia. Toroli ikalia juu ya reli, upepo ukawapiga usoni, na lile jumba la chokaa likajitokeza mbele na vioo vyake. Kalama akapunguza mwendo, kwa mazoea, maana mabibi wa Mji wa Kale wengi walishuka hapo.

"Mwashuka hapa?" aliuliza.

Zubeida aliinama, akaichomoa pini bendejini, akaitupa njiani mbele ya zile ngazi.

"Pita," alimwambia Kalama. "Wala usisimame."